Wezi wa Magogo Wameshaungana, Sisi Bado Tunasaini Maazimio

Nimekuwa kimya kwa muda. Kazi za chumba cha habari mnazijua: mhariri anataka stori tatu kwa siku, na hakuna hata moja inayohusu lile jambo linalokunyima usingizi. Leo nasema la kwangu. Ni refu na lina hasira ndani yake, nivumilieni.

Majuzi nilitumwa kuripoti kongamano katika hoteli moja hapa Dar. Mada ilikuwa ushirikiano wa kikanda katika misitu na biashara ya mbao. Chai, sambusa, mabegi ya kitambaa yenye nembo, kalamu zisizoandika. Mtoa mada wa kwanza alisema "wadau" mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Wa pili akasema ushirikiano "hauepukiki". Nikaangaza ukumbi mzima nikitafuta mtu mmoja tu mwenye unga wa msumeno kwenye nywele. Hakuna. Hakuna mpasuaji wa Mafinga, hakuna mkulima wa miti wa Njombe, hakuna mnunuzi wa Nairobi. Waliokuwa wanazungumziwa hawakuwemo, na nina hakika hata hawakujua kwamba siku hiyo wanazungumziwa.

Sipingi ushirikiano, tuelewane hapo. Naudai. Ninachopinga ni usanii wa kukutana watu wa ofisini wa nchi tano, kupiga picha ya pamoja, halafu kuita hiyo biashara ya mbao ya Afrika Mashariki.

Nianze na nyumbani.

Baba yangu alipanda paina mwaka 2009, ekari tatu, kijiji kimoja si mbali na Makambako. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilibeba miche. Nakumbuka viriba vyeusi, manyunyu, na baba akituambia kila mstari una kazi yake: huu wa ada, huu wa bati, huu wa mahari ya kaka yenu. Kwetu watu wengi hawana akaunti ya akiba benki, wana miti. Ukimkuta mzee ameegemea mti wake jioni ujue anahesabu salio.

Sasa, paina ya mbao haitaki haraka. Kwenye mashamba ya serikali kama Sao Hill pale Mufindi huvunwa ikiwa na miaka 18 na kuendelea, mingine inafika 25. Baba alilijua hilo. Alikuwa amepanga kuvuna nikiwa nimeshamaliza chuo na nina kazi.

Mwaka 2018 nikachaguliwa chuo kikuu. Mwaka huo huo, tarehe 24 Februari, aliyekuwa Naibu Rais wa Kenya, William Ruto, alitangaza kusimamisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, zikawa miaka mitano. Lakini ujenzi Kenya haukusimama hata siku moja. Mtu anayepaua nyumba Kitengela hakuambiwa asubiri, na fundi wa samani wa Gikomba hakufunga kibanda.

Kijijini kwetu hakuna aliyesikia lile tangazo. Tulichosikia ni honi. Malori yakaanza kuonekana barabara kuu kwa wingi, na madalali wakaanza kuingia vijijini na pikipiki, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Aliyemfuata baba alikuja mara tatu. Mara ya tatu akamwambia, "Shikamoo mzee. Bei hii ni ya leo. Wakenya wakiondoka usije ukanitafuta."

Baba akauza. Shamba zima kwa macho, yaani hakuna aliyepima mti hata mmoja, dalali alitembea mistari miwili mitatu akaguna, akataja. Shilingi 5,400,000. Miti iliyokuwa imesimama ilikuwa kama 1,100, yenye umri wa miaka tisa. Pigeni hesabu wenyewe. Haifiki shilingi 5,000 kwa mti. Ni bei ya chipsi mayai na soda mitaa ya Posta.

Simlaumu mzee. Mkopo wangu haukutosha, ada ikalipwa, na leo naandika haya kwa sababu ya ile miti. Ila nimekaa na hili jambo miaka mingi na kila nikilitazama naona kitu kile kile. Baba hakujua bei ya mbao Nairobi. Mnunuzi wa Nairobi hakujua baba kalipwa ngapi. Katikati yao walikuwepo watu wanne au watano wenye simu mbili mbili, na wao ndio peke yao waliokuwa wanaifahamu Afrika Mashariki.

Wasomi tunapenda kusema soko la pamoja la Jumuiya lilianza Julai 2010. Kwa mbao lilianza zamani zaidi na halikusubiri itifaki. Uamuzi wa Nairobi ulifyeka shamba la Makambako ndani ya miezi michache. Hilo ni soko moja tayari. Kinachokosekana ni wenye soko kujuana.

Na hapa niwageukie ndugu zangu wa Kenya, hasa wale waliopiga makofi mwaka 2018. Misitu yenu ilikuwa hoi, mito inakauka, na kikosi kazi kilichoundwa mwaka ule kilianika rushwa ndani ya usimamizi wenu wa misitu bila kuuma maneno. Sibezi hata kidogo. Lakini utafiti wa serikali yenu wenyewe wa mwaka 2013 ulisema mnahitaji meta za ujazo milioni 41.7 za miti na mazao yake kwa mwaka, na mnazoweza kuzipata ni milioni 31.4. Pengo la zaidi ya milioni 10, na hilo ni kabla ya kufunga misumeno. Ukiwa na pengo la namna hiyo halafu ukazuia kukata kwako, shoka halijatupwa. Limevushwa mpaka.

Msidhani upande wetu kuna ziada ya kugawa. Huo ndio uongo mtamu tunaojidanganya nao Bongo, kwamba tuna misitu mpaka basi. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu, na watu wakaishia kusoma namba hiyo. Wangefungua kurasa za mbele wangekuta kwamba nasi tuna pengo la meta za ujazo milioni 19.5 kila mwaka kati ya tunachokata na kinachoruhusiwa kukatwa bila kula mtaji. Tulikuwa tunapoteza zaidi ya hekta 370,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye njaa alikwenda kukopa unga kwa mwenye njaa zaidi, na wote wawili wakaiita biashara ya kikanda.

Wakati huo huo kuna watu ambao ushirikiano wao haujawahi kuwa na mgogoro.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya magogo ya kusini, yaani Rufiji, Kilwa, Lindi na kule kote ambako Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 lilirahisisha njia. Mimi nilikuwa mtoto, niliisoma nikiwa chuo, na sikulala. Forodha ya China ilikuwa imeandika mbao na magogo kutoka Tanzania mara kumi ya kile ambacho karatasi zetu zilisema tumeuza. Mara kumi! Hasara kwa taifa ilikadiriwa kuwa dola milioni 58 kwa mwaka. Fikirieni kinachohitajika ili gogo litoke porini Kilwa mpaka China bila kuonekana katikati. Unahitaji mtu wa kijijini, mtu wa geti la maliasili, mtu wa bandarini, mtu wa meli, na mtu wa kupokea upande wa pili. Hao watano wanaelewana. Wanaaminiana. Hawajawahi kulipana posho ya kikao.

Au chukueni mkurungu, ambao Wazambia wanauita mukula. Mwaka 2017 mamia ya malori ya Watanzania yalizuiwa Zambia yakiwa na magogo yaliyotoka Kongo yakielekea bandari ya Dar. Nchi tatu kwenye lori moja, na mteja wa nne yuko Asia. Mwaka 2019 mti huo ukaingizwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali, baada ya kukatwa kwa namna ambayo wenye misitu yao hawakufaidi kitu. Mbao ngumu za mashariki ya Kongo nazo zimekuwa zikivuka Uganda kwenda Kenya kwa miaka mingi, na jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilishaandika juu ya mbao za Kongo na Uganda mwaka 2001. Kongo yenyewe iliingia Jumuiya mwaka 2022. Mbao zake zilikuwa mwanachama zamani.

Serikali zetu zilijibu nini? Azimio. Mwaka 2015, Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagascar walisaini Azimio la Zanzibar kuhusu biashara haramu ya mbao na mazao ya misitu. (Si lile la 1991 lililozika Azimio la Arusha, ingawa jina linanitia shaka.) Linaitwa la Zanzibar na lilisainiwa Durban, Afrika Kusini, kwenye Kongamano la Misitu Duniani. Nimelisoma. Halina ubaya. Linataka nchi zipashane habari, zikague mipakani, zitambue nyaraka za kila mmoja. Yote mazuri. Lakini waliosaini ni wakuu wa taasisi za misitu, na mbao haziuzwi na wakuu wa taasisi. Zinauzwa na mama mwenye banda la mbao Buguruni, na mzee wangu, na yule jamaa wa Kenya anayelala kwenye lori.

Huyo jamaa wa lori nilikutana naye Namanga mwaka 2022. Nilikuwa nimekwenda kwa stori nyingine kabisa. Mtu wa makamo, dereva na mnunuzi kwa pamoja, alikuwa amekaa siku mbili anasubiri karatasi moja ilingane na nyingine. Nilimsalimu, tukanywa chai, nikamwambia natoka mkoa wa Njombe. Akacheka.

"Kijana, watu wa kwenu ni wazuri lakini mbao zenu zina uongo," akaniambia. "Mnaniuzia mbili kwa nne. Nikipima si mbili, na si nne. Fundi wangu Nairobi akiiranda inabaki fito. Halafu ikikauka inapinda kama ndizi."

Nikataka kumbishia. Nikashindwa, kwa sababu alikuwa anaelezea miti ya baba. Mti wa miaka tisa haujakomaa, mbao yake ikikauka inajikunja, na huwezi kuinyoosha kwa uzalendo. Isitoshe, zile mashine ndogo tunazoziita dingdong zina msumeno mnene unaokula gogo; kilo kwa kilo unga na mabanzi yanashindana na mbao. Kwa hiyo mpasuaji anajifidia kwa kupunja kipimo. Mnunuzi akijua anapunjwa anashusha bei. Dalali akijua bei imeshuka anamfuata mkulima mwenye shida ya ada, ananunua miti michanga zaidi. Duara hilo nimelichora kwenye daftari mara nyingi na kila mara linaishia kwenye shamba la mtu asiyekuwa na taarifa.

Nilimuuliza dereva kama anakijua chama chochote cha wakulima wa miti upande wetu. Hakijui. Aliniuliza kama nakijua chama cha watengeneza mbao cha kwao. Wakati ule nilikuwa sikijui. Mwandishi wa habari, msomi, nina kompyuta.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. "Wewe unataka tuwakumbatie Wakenya? Watatumaliza." Hoja hii naikuta kila baraza la kahawa na hata kwa wenzangu waliosoma. Ni hofu iliyozoeleka, na viongozi wameilisha vizuri pande zote mbili. Mwaka 2017 sisi tulichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya pale pale Namanga. Machi 2021 wao wakazuia mahindi yetu. Kila mmoja akapigiwa makofi nyumbani. Lakini nionyesheni mkulima mmoja wa miti aliyelindwa na hofu hiyo. Mwenye mtaji mkubwa haoni mpaka. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko mikononi mwa kampuni ya Kenya, Rai, tangu miaka ya 2000, na kampuni hiyo hiyo ina kiwanda cha mbao za plaiwudi Eldoret. Silalamiki, ndiyo biashara. Nasema tu kwamba mkubwa ushirikiano wa kikanda anao tayari ndani ya ofisi yake, kwenye simu moja. Anayeambiwa aogope jirani ni mdogo, na mdogo akiogopa jirani anabaki na dalali.

Waganda wametutangulia hatua moja na si vibaya kusema. Tangu mwaka 2004 walikuwa na mpango wa kuwapa ruzuku wapandaji binafsi wa miti ya mbao, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Norway. Sharti lake ndilo lililonivutia: hulipwi mpaka shamba lako likaguliwe na lifikie kiwango. Hukupalilia, huna hela. Kutoka huko wakulima wakawa na chama chao, UTGA, kinachowanunulia mbegu bora kwa pamoja na kuwasemea. Kwetu Finland ilisaidia Panda Miti Kibiashara kuanzia mwaka 2014, vyama vya wakulima wa miti vikaanzishwa vijijini Njombe, Iringa na kwingineko, hatimaye wakapata muungano wao wa kitaifa, TTGAU. Wenye viwanda wana SHIVIMITA. Kenya watengeneza mbao wana chama chao. Vipande vyote vipo mezani. Nani anavizuia visishikane? Hakuna sheria ya Jumuiya inayomkataza mwenyekiti wa wakulima wa Njombe kupanda basi mpaka Nairobi.

Ninachotaka kitokee ni kidogo mno kiasi kwamba hakihitaji hoteli. Vyama hivyo vikubaliane kipimo: mbili kwa nne iwe mbili kwa nne kuanzia Mafinga mpaka Kampala, na mbao ya mti mchanga iuzwe kwa jina lake na bei yake, isijifiche kwenye rundo la mbao iliyokomaa. Vitangaze bei kila wiki kwa ujumbe wa simu, bei ya shambani na bei ya Nairobi kwenye ujumbe mmoja, mkulima azione zote mbili kabla pikipiki haijafika. Mwanachama anayenunua gogo lisilo na kibali wala alama ya nyundo atolewe na jina lake lipelekwe kwa wenzao ng'ambo ya mpaka, maana mwizi anashusha bei ya mwaminifu kuliko Mkenya yeyote. Na serikali moja ikitaka kufunga au kufungua misitu, vyama vya nchi zote viambiwe mapema, si baada ya honi.

Kuhusu hilo la kuambiwa mapema, na sisi waandishi tumo. Julai 2023, Ruto akiwa sasa ni Rais, aliondoa lile zuio. Agosti mahakama ya Kenya ikasimamisha kwa muda uamuzi wake, kesi ikaendelea. Kwa mkulima wa Njombe hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko hotuba yoyote ya bajeti: je, mnunuzi wake anabaki au anarudi kwao? Gazeti ninalofanyia kazi liliweka aya nne, ukurasa wa kimataifa. Ukurasa wa kimataifa! Nilikuwepo siku hiyo dawatini na sikufungua mdomo. Nilidhani ni siasa za Kenya.

Ripoti ya lile kongamano niliiandika, ikatoka, maneno 350, na neno "hauepukiki" limo kwenye aya ya pili kwa sababu mhariri alilipenda. Sura ya mgeni rasmi ilitoka vizuri.

Baba alipanda tena. Ekari moja na nusu paina, iliyobaki parachichi, kwa kuwa majirani wamemwambia parachichi haina mambo ya kusubiri. Paina sasa ina miaka sita. Jumapili alinipigia, tukasalimiana, akaniuliza habari za kazi, kisha kama kawaida yake akaja kwenye jambo lenyewe mwishoni kabisa wakati salio linakaribia kukata. Kuna kijana amekuja na pikipiki. Ametembea mistari miwili, ameguna.

"Sasa wewe uko kwenye magazeti," akasema. "Bei ya Nairobi ni ngapi?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Namba ya yule dereva wa Namanga bado ninayo.